JERAHA LILILOPONA LAWEZA KUCHOSHA MOYO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nyansiongo)



Sisi wa reli na ninyi wa majani ya chai twafanya kazi na vyuma. Kwenu ni panga na kisu. Kwetu nyundo ikipiga chuma, kipande kidogo huruka na kuingia mwilini kama risasi. Jeraha hufungwa, kovu hubaki, nasi twarudi kazini. Lakini si kila jeraha lililofunga limekwisha.

Moyo ni pampu. Kuna mishipa ipelekayo damu kwa nguvu, na kuna iirudishayo taratibu. Mara chache chuma hutoboa miwili iliyo pamoja, nayo ikapona ikiwa imeungana. Hapo damu hukata njia, ikarudi moyoni kabla ya kulisha mwili. Moyo hufanana na pampu ya maji ambayo bomba lake limetoboka juu ya tangi lile lile: yasukuma usiku na mchana, na nyumbani maji hayafiki. Baada ya miezi au miaka, tundu likiwa kubwa, moyo hutanuka na kushindwa. Daktari William Hunter wa London aliueleza muungano huu tangu mwaka 1757, kwa watu waliotobolewa mkono ili kutolewa damu.

Basi tazameni makovu yenu. Ukigusa kovu ukasikia mtetemo kama wa reli gari ikikaribia, na mishipa ya hapo imevimba. Kisha ukakosa pumzi ukipanda mlima au ukilala chali, na miguu ikavimba, usiseme umerogwa. Nenda hospitali upesi, ukamwonyeshe daktari kovu lenyewe, asije akatibu moyo na kuacha chanzo. Mtu asikupasue uvimbe huo nyumbani. Waweza kufa kwa kutokwa damu. Muungano ukizibwa mapema na daktari mpasuaji, mara nyingi moyo hupata nguvu tena.

Neno la mwisho ni la chama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya walioumia kazini yataka dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Moyo waweza kushindwa baada ya hapo. Kwa hiyo kila jeraha, hata dogo, liandikwe siku ile ile, daktari alitazame, nawe uweke karatasi yako. Mdharau mwiba mguu huota tende.