Uzi Mmoja wa Shaba: Jinsi ya Kuchagua Viungio vya Waya za Spika

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama wa Embu na Meru)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara wala za likizo, ingawa mambo hayo hatukuyasahau. Tumekuja kusema juu ya kitu kidogo kuliko kidole cha mtoto, yaani kile kiungio kinachoshika waya ya spika nyumbani. Wengine watacheka. Lakini kitu hicho kidogo kilituharibia mashine, na karibu kitufanye tumdhulumu mfanya kazi mwenzetu. Basi tutaanza na kosa letu wenyewe, maana mficha uchi hazai.

KOSA LETU

Mnakumbuka kwamba tulichanga pesa tukanunua amplifaya moja na spika 2, tukaziweka nyumbani kwa mmoja wetu karibu na mji wa Embu, ili wanachama wapate mahali pa kusikiliza habari na kucheza muziki Jumapili. Tulimwita fundi wa jua kali azifunge. Alifanya kazi yake vizuri, akatia plagi safi katika ncha za waya. Tulimlipa nusu, nusu nyingine tukasema atapata mwisho wa mwezi.

Baadaye tulitaka spika moja itoke nje, uani. Plagi hazikupita katika tundu la dirisha. Tukafanya nini? Tukazikata kwa kisu, tukapitisha waya, kisha tukasokota ncha kwa vidole na kuzifunga usiku, kwa mwanga wa simu. Muziki ulilia kwa dakika chache. Halafu tukanusa harufu ya kuungua, na kimya.

Asubuhi hatukujiuliza lolote. Tulimwita fundi, tukamwambia kazi yake ni mbovu na pesa zake zilizobaki hapati. Hakugombana nasi. Aliomba bisibisi na tochi, akageuza amplifaya, akatuonyesha uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoka katika skrubu nyekundu umelala juu ya skrubu nyeusi. Ulikuwa uzi wetu, wala si wake.

Ndugu zangu, sisi tunaomnung'unikia tajiri anayekata mshahara bila kuchungua, tulitaka kufanya jambo lile lile. Tulimlipa fundi pesa zake zote siku ile ile, tukamwomba radhi mbele ya watu waliosikia tukimlaumu, na tukamlipa tena kwa kutengeneza. Ndipo tukaona yatupasa kujifunza.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Watu wa pande hizi wamekaa jirani na umeme miaka mingi. Mabwawa ya Mto Tana yako mpakani mwa Embu: Kindaruma ilianza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Lakini nyaya nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu zikaenda mbali, na jirani wa bwawa akabaki na taa ya mafuta. Baada ya mpango wa kuunganisha nyumba za mashambani ulioanza mwaka 2015, na baada ya sola kuenea, nyumba nyingi zimepata umeme. Leo mwenye Kiembu anasikiliza Wimwaro FM na mwenye Kimeru anasikiliza Muuga FM kwa spika kubwa zilizo mbali na mashine yake. Zamani redio na spika vilikaa ndani ya sanduku moja, wala mwenye nyumba hakugusa waya. Siku hizi anaziunga mwenyewe.

KAZI YA KIUNGIO

Amplifaya ikitoa wati 50 katika spika ya omu 8, mkondo unaopita katika waya ni ampea 2 na nusu. Kiungio kizuri kina kazi 3: kuubeba mkondo huo bila kulegea, kuzuia nyuzi za upande mmoja zisiguse upande wa pili, na kufunguka kwa urahisi unapohama. Kikishindwa kazi ya kwanza, sauti hukatika-katika. Kikishindwa ya pili, hiyo ndiyo shoti, na mashine huungua kama yetu.

AINA ZA VIUNGIO

1. Waya tupu chini ya skrubu. Njia hii si mbaya, na haina gharama. Menya plastiki kiasi cha sentimeta moja tu, sokota nyuzi zote pamoja kwa kufuata upande zilivyosokotwa, ingiza, kaza, kisha tazama kwa tochi kama hakuna uzi uliobaki nje. Usipake lehemu ncha itakayobanwa na skrubu. Lehemu ni laini. Kwa siku nyingi hubonyea pole pole na skrubu hulegea.

2. Kibanio cha springi. Hiki kiko nyuma ya mashine nyingi za bei nafuu: unabonyeza kidole, tundu linafunguka. Tundu lake ni dogo. Waya nene ikikataa kuingia, watu hukata nusu ya nyuzi ili ipite. Msifanye hivyo. Nunueni kipini kidogo cha chuma, waya ikazwe ndani yake, na kipini ndicho kiingie katika tundu.

3. Plagi ya ndizi, ambayo mafundi huiita banana tu. Unene wake ni milimeta 4, na tumbo lake lina springi inayobana ndani ya tundu. Imetumika tangu miaka ya 1920. Kwa mtu anayehamisha spika mara kwa mara, hii ndiyo tunayoisifu. Chagueni ile yenye skrubu 2 za kushika waya, au ile ya kulehemu, na iwe na koti la plastiki linalofunika chuma chote. Ile iliyopakwa rangi ya dhahabu haiongezi utamu wa sauti. Dhahabu haishiki kutu, basi. Ya nikeli ikisafishwa yatosha.

4. Kiungio cha uma. Hiki huingia chini ya skrubu na kukazwa. Hakichomoki ovyo. Kinafaa spika isiyohama, au nyumba yenye watoto wanaovuta waya.

5. Plagi ya RCA, ile yenye sindano katikati na pete nje. Hiyo yafaa sana kupeleka sauti ndogo kutoka kwa redio au televisheni kwenda kwa amplifaya. Kwa spika kubwa si nzuri, kwa sababu ikishikwa vibaya sindano na pete hugusana.

6. Kiungio cha kuzungusha na kujifunga, kile kinachotumika makanisani na katika kumbi. Ni imara kabisa, na mkono haugusi chuma. Lakini spika za nyumbani nyingi hazina tundu lake, kwa hiyo msinunue kabla ya kutazama.

HATARI YA PLAGI YA STIMA

Hapa twaomba msikilize kwa makini. Tumeona katika nyumba za kupanga mtu amefunga waya ya spika katika plagi ya stima ya miguu 2, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ndugu, hiyo ni kutega mtego ndani ya nyumba. Siku moja mtoto au mgeni ataichomeka ukutani, na volti 240 zitaingia katika spika.

Hata plagi ya ndizi ina hatari hiyo. Matundu ya ukutani ya Kenya ni ya pembe nne na yana kifuniko ndani, lakini ekstensheni nyingi zinazouzwa sokoni zina matundu ya kupokea miguu ya mviringo, na plagi ya milimeta 4 yaweza kuingia. Katika nchi za Ulaya, ambako tundu la stima ni la mviringo, watengenezaji huziba mwisho wa skrubu za spika kwa vifuniko vidogo vyekundu na vyeusi ili watu wasitumie plagi za ndizi ovyo. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: waya ya spika isiachwe ikining'inia karibu na ekstensheni. Ukiitoa kwa amplifaya, itoe na kwa spika pia, uikunje, uiweke juu.

WAYA YENYEWE

Kiungio kizuri hakiponyi waya mbaya. Waya ya shaba ya milimeta mraba 1.5, ikienda mita 10 na kurudi mita 10, ina ukinzani wa karibu omu 0.23. Hiyo ni kidogo kwa spika ya omu 8. Ile nyembamba ya milimeta mraba 0.5 kwa safari hiyo hiyo ina karibu omu 0.7, ukiifunga kwa spika ya omu 4, sehemu ya nguvu uliyoilipia inapotea njiani. Tena mwangalie waya ya alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba tupu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa. Ukiinunua, nunua nene zaidi, na usiilipie bei ya shaba.

Kumbukeni pia hali ya nchi yetu. Kule juu penye chai, karibu na Mlima Kenya, unyevu huifanya shaba kuwa ya kijani. Kule Mbeere na Tharaka ni vumbi. Mahali pote pawili yafaa kufungua viungio mara moja kwa miezi michache, kukata ncha iliyochakaa na kufunga upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza, zima mashine na uchomoe stima. Pili, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, katika spika zote. Kama moja ikigeuzwa, sauti nzito hupungua, na watu hudhani spika ni mbovu. Ukipoteza alama, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya mara moja tu: karatasi ya spika ikisukumwa nje, waya iliyo kwa chanya cha betri ndiyo ya nyekundu. Tatu, usiunganishe waya nyeusi za spika 2 ili kubana matumizi ya waya. Katika amplifaya nyingi nyeusi nazo zabeba sauti, na utaziunguza. Nne, vuta kila waya kwa upole. Ikitoka, haikufungwa.

NENO LA MWISHO

Ndugu wanachama, fundi wa Makutano, wa Chuka, wa Runyenjes au wa Maua ni mfanya kazi kama sisi. Hana ofisi wala karani wa kumtetea. Mkipatana naye, patana bei kabla ya kazi, na mwulize ametumia kiungio gani na kwa nini. Mlipe akimaliza. Na kitu kikiharibika, kabla ya kumshitaki, chukua tochi utazame nyuma ya mashine yako, na useme kweli ni mkono wa nani ulioigusa mwisho.

Amplifaya yetu inalia tena. Waya imepita katika tundu jipya tulilotoboa kwa kipimo cha plagi, na fundi yule yule ndiye aliyeifunga. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye waya yake amekuja nayo mfukoni ailete hapa mezani tuitazame pamoja.