Ukuta Usiotazamwa

Leo twawaalika tusafiri pamoja, kwa mawazo tu, katika mto Thames uupitao mji wa London. Wageni hupanda boti kwenye gati la Westminster, karibu na mnara wa saa wenye kengele iitwayo Big Ben, wakateremka na mto mpaka Greenwich. Njiani mwongozaji huwaonyesha mambo ya kale, kushoto na kulia.

Haya, tutazame. Nyuma yetu ni Bunge, lililoteketea kwa moto mwaka 1834 likajengwa upya. Ng'ambo yake ni Lambeth, makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ambayo sisi Waanglikana twayasikia mara nyingi. Mbele kidogo, mkono wa kushoto, lasimama jiwe refu lililochongwa Misri yapata miaka 3,500 iliyopita. Mabaharia sita walikufa baharini mwaka 1877 katika kulileta. Kisha twaliona kuba la kanisa kuu la St Paul's, lililojengwa upya baada ya moto mkuu wa 1666. Mwisho ni ngome ya Tower, iliyoanzishwa na mfalme William baada ya kuishinda Uingereza mwaka 1066.

Picha hupigwa nyingi. Lakini chini ya lile jiwe la Misri upo ukuta wa ukingo wa mto, ambao wengi huupita bila kuutazama. Na huo ndio tutakaouzungumzia leo.

Zamani taka za vyoo vya mji mzima ziliingia mtoni, na watu wengi waliyanywa maji ya mto huo huo. Katika miaka ya 1848 na 1849 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 14,000 mjini humo. Walilia, wakazikana, na mto ukabaki vile vile. Ndipo kiangazi cha 1858 joto likazidi, uvundo ukapanda hata madirishani mwa Bunge. Mapazia yalilowekwa dawa, isifae kitu. Basi waheshimiwa wakapitisha sheria kwa muda wa siku 18 tu! Miaka yote maskini walipokufa hapakuwa na haraka. Uvundo ulipowafikia wakubwa, fedha zilipatikana.

Kazi alipewa mhandisi Joseph Bazalgette. Yeye na maelfu ya vibarua walijenga chini ya ardhi mifereji mikuu ya matofali, kilomita 130 hivi, ya kuyachukua maji machafu hadi mashariki, mbali na mji. Mmoja wa mifereji hiyo wapita nyuma ya ukuta ule, uliofunguliwa mwaka 1870. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, kikaua zaidi ya watu 5,000 upande wa mashariki, mahali ambapo kazi ilikuwa haijakamilika. Tangu hapo hakikuenea tena London. Hata hivyo mji uliendelea kukua, na mvua zikinyesha maji machafu yalifurika mtoni, hata likachimbwa bomba jipya la kilomita 25, lililokamilika mwaka 2025.

Wapenzi, hata kwetu kipindupindu twakijua. Nasi tunao watu wanaozibua mitaro, wanaochimba vyoo vya shule, wanaolinda chemchemi isichafuliwe. Hakuna mgeni ajaye kuwapiga picha. Je, twawajua kwa majina? Twawalipa kwa wakati? Na tukikaa katika kamati zetu kugawa fedha, mnara wa kanisa upande huu na choo cha watoto upande ule, twaanza na kipi?

Tusingoje mpaka uvundo uingie madirishani mwetu. Mtoto wa jirani akiugua kwa maji machafu, hiyo yatosha kuwa sababu ya kuanza kesho asubuhi.

Kwaherini, na Mungu awabariki.