Soya na nguvu za kiume

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Shinyanga)



Nimeombwa niseme habari za unga wa lishe, lakini nitaanza na jambo ambalo akina mama wamekuwa wakilisema pembeni, kwa aibu. Katika sharika zetu za upande wa Geita, baadhi ya akina baba wamekataza soya isiingie nyumbani. Wanasema inamfanya mwanamume awe mwanamke. Baba mmoja alimwaga uji wote, na watoto wake wawili walikuwa wanaupata kwa ushauri wa zahanati. Ndiyo sababu sikuona vema tulinyamazie.

Neno hili halikutoka hewani. Soya ina kemikali za asili ziitwazo isoflavoni, ambazo umbo lake linafanana kidogo na estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo kwa wingi. (Sisi wanaume nasi tunayo kidogo, msishtuke.) Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Ni kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kitasa chako lakini unazunguka kwa shida: nguvu ya isoflavoni ni ndogo sana ikilinganishwa na homoni yenyewe.

Wataalamu wamepima. Mwaka 2010, na tena mwaka 2021, walikusanya pamoja majaribio yaliyofanywa kwa wanaume. Safari ya pili yalikuwa majaribio 41. Testosteroni haikushuka wala estrojeni haikupanda, hata kwa waliotumia kiasi kikubwa.

Sitawaficha upande wa pili. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliandika habari za mzee wa miaka 60 aliyevimba matiti. Walipomhoji wakakuta anakunywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, maumivu yaliisha na homoni zikarudi mahali pake. Lita tatu, ndugu zangu! Kwetu kikombe cha uji kina kijiko kimoja au viwili vya soya, vingine ni mahindi na karanga. Hata maji ya kunywa, wengi wetu hatufikishi lita tatu kwa siku.

Kinachonisikitisha ni kwamba baba huyohuyo anayekimbia soya anachoma dhahabu kwa zebaki kwenye kikaango, nyuma ya jiko la mkewe, bila kitu chochote cha kuzuia moshi. Moshi ule unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Jioni anakunywa gongo, na pombe nyingi ya miaka mingi ndiyo hasa inayoshusha testosteroni. Hayo hatuyasikii yakisemwa kwenye maduara wala kwenye karasha. Soya ndiyo imebeba lawama, labda kwa kuwa ni ngeni na inapikwa na wanawake.

Na tunaihitaji. Chakula chetu kikubwa ni ugali wa mahindi au udaga, na michembe wakati wa njaa. Udaga unashibisha lakini protini yake ni kidogo mno. Kilo moja ya soya kavu ina protini kama gramu 360, maharage ni kama 220. Kwa mama asiyeweza kununua dagaa kila siku, hiyo si tofauti ndogo.

Wafadhili wetu waliuliza kwa nini vikundi vingine vinalalamika watoto kuharisha. Tulipofuatilia tukakuta soya ilisagwa mbichi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagike tumboni. Itumbukizwe kwenye maji yanayochemka tayari, ikae dakika 20 hadi 30, ianikwe, ikaangwe, ndipo ipelekwe mashineni. Kamati zikague hilo kabla ya kugawa unga. Na anayetumia vidonge vya tezi ya shingo amwambie daktari kwamba anatumia soya, kwa sababu inapunguza dawa kufyonzwa.

Mwezi ujao tunarudi kwenye usharika ule, na safari hii tumewaita akina baba, si akina mama peke yao. Yule baba aliyemwaga uji amekubali kuja. Amesema atasikiliza tu, hataonja. Nimemwambia aje hivyohivyo.