Ghala Lililogeuzwa Banda la Kuku
(Maneno yaliyosomwa na Kamati ya jamii ya wakimbizi siku ya kumbukumbu, Gatumba)



Leo tumekuja kuwakumbuka ndugu zetu waliouawa hapa Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Walikuwa zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Hatuna maneno mapya juu yao. Tunaomba tu ruhusa ya kueleza kazi tuliyoifanya kwa ajili ya walioachwa.

Mnalijua ghala letu la mabati, mita 4 kwa 6. Lilikuwa limejaa majembe mabovu na mahema yaliyooza. Tulipopendekeza liwe banda la kuku wa mama wajane, mzee mmoja alituuliza: "Fedha ya kumbukumbu mnaila kwa kuku?" Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba mjane mwenye mayai ya kuuza hamwombi mtu daftari la mtoto wake.

Kwanza tuliinua sakafu kwa mawe na udongo, maana mafuriko ya mwaka 2020, na tena ya 2024, yalitufundisha. Juu ya kuta tulifungua nafasi ya hewa na kuiziba kwa wavu wa waya. Juu ya bati tuliweka paneli ya jua ya wati 50, imeinama kidogo kuelekea kaskazini ili maji ya mvua yateremke na vumbi lioshwe. Ndani kuna betri ya volti 12 na balbu 4 za wati 5.

Hapo tulikosea, na kosa ni letu. Tulidhani umeme wa jua utawapasha joto vifaranga. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Balbu moja kubwa ya wati 100, ikiwaka saa 12, inakula umeme mara 5 au 6 ya ule ambao paneli yetu inaleta kwa siku nzima. Usiku wa pili betri ilikwisha. Asubuhi tulikuta vifaranga 22 kati ya 60 wamekufa, wamelaliana kwenye kona.

Sasa joto linatoka kwa chungu cha mkaa, ndani ya duara la makaratasi magumu, na nafasi za hewa zimeachwa wazi ili moshi usiue. Kila wiki tunapunguza joto kama nyuzi 3. Umeme wa jua ni wa mwanga tu, kwa kuku wanaotaga. Kwetu mchana ni wa saa 12, naye kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hadi 16. Basi balbu zinawaka tangu saa 9 usiku hadi kunapokucha. Na kila miezi 3 au 4 kuku wote wanapata chanjo ya kideri, tone moja jichoni, kwa sababu kideri kikiingia bandani hakibakizi kitu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulifikiria. Mama mmoja alikuja akitetemeka. Aliona mwanga kati ya usiku, akawaambia watoto wavae viatu wakimbie. Yeye aliona mahema yakiungua mwaka ule. Tuliona haya. Tukapita nyumba kwa nyumba kueleza, na upande wa njia tukatundika magunia ili mwanga usitoke nje. Leo mama huyo ndiye anayeokota mayai ya asubuhi.

Vijana, tunawaomba jambo moja. Msichaji simu kwenye betri ile. Mlipofanya hivyo wiki nzima, balbu hazikuwaka na mayai yakapungua. Umeme ule ni chakula cha wajane.

Ndugu, waliolala hapa hawatarudi. Lakini watoto wao wanakula yai. Mwaka ujao, tukijaliwa, tutawasomea tena hesabu, na mzee wetu aliyeuliza swali tumemwomba awe mkaguzi. Amekubali.