Somo la Afya: Vijidudu vya Kinywani na Dawa Zinazoshindwa

Somo letu la leo lahusu vijidudu vinavyoishi kinywani mwa kila mtu, na jinsi vinavyozoea dawa hata dawa ikashindwa kazi.

Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua utando mweupe katika meno yake mwenyewe, akautazama kwa hadubini. Akaona humo viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Siku hizi wataalamu wanajua aina zipatazo 700 za vijidudu viwezavyo kukaa vinywani mwa watu. Vingi havitudhuru.

Sasa, mtu akimeza amoksilini kwa ajili ya kidonda cha mguu, dawa haiendi mguuni tu. Huzunguka na damu mwilini mwote, na vijidudu vya kinywani navyo huipata. Vilivyo dhaifu hufa. Vichache vyenye uwezo wa kuistahimili hubaki, huzaana, na kushika nafasi ya vile vilivyokufa.

Pengine mtauliza: ikiwa vijidudu hivyo havitudhuru, usugu wao watuhusu nini? Jibu ni kwamba vijidudu huazimana silaha. Nyuma ya pua na kooni hukaa kijidudu kiitwacho nyumokoka, ambacho kikiingia mapafuni huleta kichomi. Hiki ni ndugu wa baadhi ya vijidudu vya kinywani. Kijidudu kinapokufa, chembe zake za urithi humwagika, na nyumokoka yaweza kuziokota na kuzifanya zake.

Penisilini ni kama ufunguo: huingia katika kitasa cha kijidudu na kukizuia kujenga ukuta wake. Kijidudu sugu kimebadili kitasa, basi ufunguo hauingii. Wataalamu walipochunguza nyumokoka sugu, waliona chembe zake za urithi zina viraka vilivyotoka kwa ndugu zake wa kinywani. Nyumokoka yenye kustahimili penisilini iliripotiwa Australia mwaka 1967. Na mwaka 1977 ikaonekana Afrika Kusini ile inayoshinda dawa za namna kadha wa kadha. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hasara yake ni kubwa. Mtoto mdogo akipata kichomi, mara nyingi dawa ya kwanza apewayo ni amoksilini. Isipofaa, hutakiwa dawa nyingine, yenye gharama zaidi, nayo pengine haipo karibu. Na kichomi hakimngoji mtoto.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hili alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945: kutumia dawa kidogo isivyotosha ni kuvifundisha vijidudu kuistahimili.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, jino likiuma, tusikimbilie kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki. Jino lililotoboka haliponi kwa dawa hiyo. Hutaka kuzibwa au kung'olewa. Lakini uso ukivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pili, tusimeze antibiotiki kwa mafua, kwani haiui virusi. Tatu, tuitumie kwa kipimo na kwa siku alizoagiza mganga, wala tusimgawie jirani. Nne, tupige mswaki mara mbili kila siku kwa dawa ya meno yenye floridi na kupunguza vitu vitamu, ili haja ya dawa yenyewe ipungue.

Sasa zungumzeni katika vikundi vyenu maswali haya:

1. Kwa nini dawa ya kidonda cha mguu huathiri vijidudu vya kinywani?
2. Nyumokoka hupataje usugu kutoka kwa ndugu zake?
3. Hapo kijijini au mtaani kwenu, mtu akiumwa jino hufanya nini? Je, lipi lingefaa zaidi?