Mtoto wa Kikundi Akienda Chuo Kikuu Marekani

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo linafika sana kwenye mikutano yenu. Kijana amepata barua ya chuo kikuu huko Marekani. Wazazi wanakuja na soda na mkate, wanaomba kikundi kisimame nao kwa harambee. Kikundi kinachanga. Mtoto anasindikizwa hadi uwanja wa ndege na matatu mbili zilizojaa watu wakiimba. Halafu mwaka unaisha, na mweka hazina anaulizwa: huyu mtoto wetu anaendeleaje? Ripoti haijaonekana. Pesa nazo hazijatumwa, hata za sukari. Hapo maneno yanaanza, na tumeona kikundi cha akina mama kikigawanyika mara mbili kwa sababu hiyo tu.

Leo hatutasema sana juu ya visa. Tunataka kusema juu ya maisha yenyewe huko chuoni, kwa sababu ugomvi mwingi unatokana na sisi wa nyumbani kutojua.

Kwanza, jambo hili si geni kwetu. Mnamo Septemba 1959 ndege iliyopangwa na marehemu Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, 1960, aliondoka msichana kutoka Nyeri aliyekuwa amesomeshwa na masista wa Loreto huko Limuru. Alipelekwa Atchison, mji mdogo katika jimbo la Kansas, kwenye chuo cha masista Wabenediktini kilichoitwa Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, akamaliza 1964, akaendelea Pittsburgh, akarudi nyumbani 1966. Huyo ndiye Wangari Maathai. Miche aliyoanza kupanda na vikundi vya akina mama kama hivi vyenu mwaka 1977, mnajua ilifika wapi. Kwa hiyo asiwepo wa kusema ya kwamba kuchangia mtoto asome mbali ni hasara.

Lakini angalieni tofauti. Wengi wa vijana wa wakati ule walikuwa tayari wamepewa ufadhili wa masomo; nauli ya ndege ndiyo ilikuwa mlima. Siku hizi kijana anaweza kuja na barua ya kukubaliwa peke yake. Barua ya kukubaliwa siyo barua ya ufadhili! Hebu mwenyekiti aombe kuona fomu inayoitwa I-20. Hutolewa na shule iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani tu, na juu yake kumeandikwa gharama ya mwaka mmoja: karo, nyumba, chakula, bima ya matibabu, na pia pesa zitatoka wapi. Mwaka mmoja, jamani. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka minne. Kama kuna ufadhili, someni masharti yake: ni wa mwaka mmoja au yote minne? Utaondolewa alama zikishuka?

Ada nyingine hulipwa moja kwa moja kwa serikali yao. Ile ya kumwandikisha mwanafunzi wa kigeni imekuwa dola 350 tangu 2019. Mtu akisema mumpe yeye mkononi, mwambieni alete karatasi kwanza. Si mmesikia yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu, ambao kufikia 2023 walikuwa wamelipa pesa nyingi ili watoto waende Finland na Kanada, na wengi hawakwenda? Wengine waliuza shamba.

Sasa tuje kwa kazi, maana hapa ndipo tunapowaumiza watoto wetu. Watu wanasema, "Akifika huko atafanya kazi ajilipie, na atukumbuke." Mwenye visa ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Ni kazi ya kuosha vyombo jikoni, kupanga vitabu maktaba, kupokea simu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi hulipa zaidi. Pigeni hesabu: masaa 20 mara 7.25 ni dola 145 kwa wiki, kabla ya makato. Semesta ya wiki 15 ni dola 2,175. Hizo ni za sabuni, vitabu, nguo za baridi na chakula. Nje ya chuo haruhusiwi mwaka wa kwanza. Akienda kuosha magari kwa siri ili atutumie pesa za paa la kanisa, anavunja sheria ya visa yake, na akijulikana anaweza kurudishwa nyumbani kabla ya kumaliza. Ni nani atakuwa amemrudisha?

Darasani nako kuna mambo. Huku kwetu mtoto mwenye heshima hunyamaza, huinamisha macho mbele ya mwalimu, huandika anachoambiwa, halafu hungoja mtihani. Huko, mwanafunzi akinyamaza mhadhiri anafikiri hakusoma, na katika masomo mengi kuzungumza darasani kuna alama zake. Kumtazama mhadhiri usoni si utovu wa adabu. Wako wahadhiri wanaotaka kuitwa kwa jina lao la kwanza. Kijana wetu anaona aibu mpaka anashindwa kabisa kumwita. Tena kila mhadhiri hutangaza masaa ya kukaa ofisini kwake akingoja wanafunzi wenye maswali. Watoto wetu wanadhani kwenda huko ni kuitwa kwa mwalimu mkuu, yaani umekosa. Hawaendi. Na kumbe wenzao wanakwenda kila wiki.

Siku ya kwanza hupewa silabasi. Siyo orodha ya mada tu kama tulivyozoea; ni kama mkataba. Imeandikwa kila kazi, tarehe yake, na alama zake. Hakuna kungoja mtihani mmoja wa mwisho. Kijana aliyezoea kulala Januari na kuamka Oktoba atashtuka nusu ya alama zimekwisha kwenda.

Jambo zito zaidi ni kunakili. Mtoto wetu alisifiwa kwa kukariri kitabu neno kwa neno. Huko akiandika maneno ya mwingine bila kusema yametoka wapi, huo ni wizi, na anaweza kupewa sifuri au kufukuzwa. Hata kumsaidia rafiki kazi ambayo mhadhiri alisema kila mtu afanye peke yake ni udanganyifu. Hapa sisi tunaona ni ugumu kidogo, kwa sababu tumefundisha watoto ya kwamba anayemnyima mwenzake daftari ni mchoyo. Lakini sheria ni yao, na mtoto aambiwe kabla hajapanda ndege.

"Lakini huyu alipata A ya Kiingereza!" Ndiyo, na bado vyuo vingine humtaka afanye mtihani wa TOEFL, ambao ulianza 1964 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Ulizeni chuo mapema kama unahitajika. Akionekana dhaifu anaweza kuwekwa katika madarasa ya Kiingereza, ambayo mara nyingi hayahesabiwi kwenye shahada ingawa karo inalipwa. Na Kiingereza chao si hiki chetu. Kwanza wanakimbia. Pili wanaandika mwezi kabla ya siku: 5/8 kwao ni tarehe 8 Mei, si tarehe 5 Agosti, na mtu ameweza kukosa siku ya mwisho ya kazi kwa hilo tu. "First floor" ni pale chini unapoingilia, si ghorofani. "Paper" ni insha ya kuandika nyumbani, siyo mtihani. Kifutio asikiite "rubber", maana kwao ni kitu cha kupangia uzazi na darasa zima litacheka. Na wakimwuliza "How are you?" hawangoji habari za ng'ombe na za nyanya aliyelazwa; wanajibiwa neno moja na wanapita. Mwanzoni mtoto anaona amedharauliwa. Hajadharauliwa, ndiyo salamu yao.

Upweke upo. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu yao ya shukrani, kila mtu huenda kwao, na Krismasi mabweni mengine hufungwa kabisa. Mtoto alale wapi? Aulize mapema. Kwa sisi Wakatoliki kuna msaada: katika vyuo vingi visivyo vya kanisa kuna kituo cha wanafunzi Wakatoliki kinachoitwa Newman, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1893. Padre wa parokia amwandikie barua. Mara nyingi hapo ndipo mtu hupata familia ya kumkaribisha mezani.

Haya, sasa ripoti. Msiandikie chuo kudai matokeo, hamtajibiwa. Sheria yao ya mwaka 1974 inasema alama ni za mwanafunzi mwenyewe. Kwa kawaida chuo hakiwezi kumpa mtu hizo alama bila mwanafunzi kukubali kwa maandishi, na baba anayelipa karo kutoka Kenya naye hana haki ya kudai. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya harambee, na muandike kwenye kitabu cha kumbukumbu: kijana mwenyewe ataleta nakala ya alama zake Januari na Juni, baada ya kila semesta.

Mweka hazina ataisomaje? Alama ya juu ni 4.0. Ikishuka chini ya 2.0, kwa kawaida chuo humpa onyo. Kisha aangalie krediti. Somo moja mara nyingi ni krediti 3, na mwenye visa hiyo anatakiwa kuchukua angalau 12 kwa semesta. Shahada ni kama 120, kwa hiyo kumaliza kwa miaka minne ni 15 kila semesta. Semesta ya kwanza mbaya isiwatishe, ulizeni tu kulitokea nini.

Na akisema amejiunga na chuo cha jamii cha miaka miwili, msiseme amefeli. Karo yake huwa ndogo sana kuliko ya vyuo vikuu vingi, na akifanya vizuri huhamia chuo kikuu kwa miaka miwili iliyobaki. Shahada inaandikwa jina la kile chuo kikuu. Kwa kikundi chenye mfuko mdogo, sisi tungeanzia hapo. Ila aulize kwanza, kwa maandishi, ni krediti zipi zitapokelewa kule anakotaka kuhamia.

Mwisho mmetuuliza juu ya simu. Januari, ikiwa kwetu ni saa mbili usiku, New York ni saa sita mchana, na California ni saa tatu asubuhi. Pigeni Jumapili. Mwulizeni amekula nini, amekwenda Misa wapi, na kazi gani ya silabasi inamngoja wiki hiyo. Habari ya paa la kanisa tumwachie Padre.