Jani Kabla ya Kunyauka: Vimeng'enya, Ukuaji na Ukame Mbololo



Anayeteremka kutoka msitu wa mlima Mbololo hadi tambarare za Voi huvuka hali ya hewa zaidi ya moja kwa safari fupi. Juu, ukungu unaotokana na Bahari ya Hindi huilowesha miti, na chini ya miti hiyo huota Saintpaulia teitensis, ua ambalo porini halipatikani kwingine duniani. Chini, tunasubiri masika na vuli, na mara nyingi mvua hukatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Mkulima huijua dhiki ya mmea kwa macho: jani likijikunja, likipauka, likinyauka. Hoja yangu leo ni kwamba jani huanza kutoa habari mapema kuliko hapo, kupitia vimeng'enya vyake. Lakini habari hiyo haina uzito mpaka aliyepima aeleze alipima saa ngapi na katika joto gani.

Kimeng'enya ni kiharakishi cha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, na karibu vimeng'enya vyote ni protini. Mwaka 1833, Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitoa katika kimea cha shayiri kitu kilichogeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyohiyo hufanyika hapa kwetu kila mtama unapooteshwa kuwa kimea. Kimeng'enya hupimwa kwa kazi yake: kizio kimoja ni kiasi kinachogeuza mikromoli moja ya malighafi kwa dakika. Ni kama majembe: kuyahesabu ghalani hakukuambii zimelimwa ekari ngapi.

Tuanze na ukuaji. Mahindi hufyonza sehemu kubwa ya naitrojeni yake kama naitreti. Kimeng'enya kiitwacho naitreti riduktesi huigeuza naitreti kuwa naitraiti, hatua ya kwanza kuelekea protini ya jani na ya punje. Kukipima si kazi ya gharama kubwa. Vipande vya jani hutiwa katika myeyusho wenye naitreti. Naitraiti inayotoka huongezewa kemikali zinazoipa rangi ya waridi, na ukolezi wa rangi hiyo husomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 540. Udongo ukikauka, naitreti inayopanda kutoka mizizini hupungua, na kazi ya kimeng'enya hiki hushuka nayo.

Sasa dhiki. Kiu ikizidi, jani hufunga vitundu vyake ili lisipoteze maji, na kwa kufanya hivyo hujinyima pia kaboni dayoksaidi. Jua la Voi halipungui kwa sababu hiyo. Nishati inayokosa kazi huangukia oksijeni na kuifanya iwe sumu kwa seli. Hapo huingia supaoksaidi dismutesi, kimeng'enya kilichoelezwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, ambacho huigeuza sumu hiyo kuwa haidrojeni peroksaidi. Kisha katalesi huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kwa kuwa peroksaidi hufyonza mwanga wa nanomita 240, tunatazama ufyonzaji huo ukishuka sekunde baada ya sekunde, na kasi ya kushuka ndiyo kipimo cha katalesi.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Jani lililochumwa na kuachwa mfukoni hadi jioni halifai: naitreti riduktesi huzimwa ndani ya dakika chache za giza. Sampuli igandishwe papo hapo, isagwe ikiwa baridi, na matokeo yaandikwe kwa kila miligramu ya protini au kwa kila gramu ya jani. Vipimo vingi vya maabara hufanywa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ilhali jani la kunde hapa adhuhuri huwa na joto zaidi ya hilo. Katika joto kali, protini inayokiamsha kimeng'enya kikuu cha usanisinuru huharibika mapema, na maabara yenye ubaridi haitaliona tatizo hilo.

Zaidi ya hayo, katalesi nyingi si cheti cha ustahimilivu. Mmea mmoja huipandisha kwa sababu unajikinga vyema. Mwingine kwa sababu umezidiwa. Bila kupima pia uharibifu wa utando wa seli, maji ya jani na mavuno, nambari hiyo haimwambii mkulima achague mbegu ipi.

Nchi yetu hii ina mimea ya kujifunzia. Kunde hunasa kaboni mchana moja kwa moja kwa kimeng'enya kile kikuu cha usanisinuru. Mahindi na mtama huikusanya kwanza kwa kimeng'enya kingine. Mkonge wa mashamba ya Voi na Mwatate hufungua vitundu vyake usiku. Ukiupima mkonge mchana tu, umeukosa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanafunzi, pimeni mbegu za hapa katika mashamba ya hapa, kwa msimu mzima, na mwandike saa na joto la jani kando ya kila nambari. Serikali ya kaunti nayo ichangie mitungi ya kugandishia sampuli na spektrofotomita, kisha matokeo yarudishwe kwa wakulima waliotoa majani yao kabla ya msimu wa kupanda unaofuata. Utafiti usiomfikia mkulima kabla hajanunua mbegu umechelewa.